Sikio la Fundi na Taa ya Injini

Gereji yenyewe ni mwembe tu, kando ya barabara itokayo Ifakara kwenda kwenye daraja la mto Kilombero. Vijana humwita mwenye gereji Mzee. Nilimkuta amefungua boneti ya Corolla ya miaka ya 90. Alichukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, katika kijisanduku kilicho karibu na injini, akageuza ufunguo bila kuwasha gari, akakaa kuitazama taa ya injini. Ikawaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara moja. "Ishirini na moja," akasema. "Sensa ya oksijeni inalalamika. Haya, tuulize kwa nini."

Hakumtuma mtu dukani. Aliufuata waya wa sensa kwa vidole, taratibu, mpaka kwenye soketi yake, akaifungua, akaonyesha kutu ya kijani. Bonde hili hufurika kila masika, na gari linalopita kwenye mashamba ya mpunga huloa mpaka mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Alisafisha kiungo kimoja kimoja, akapima kwa mita, akafunga. Kisha akawasha injini na kuinamisha kichwa, akisikiliza kwa muda mrefu, huku vijana wake wakiwa kwenye simu zao.

Sikio hilo lina historia. Dereva wa gari la kabureta akipanda milima ya Mahenge alijua kwa mlio kwamba hewa imepungua na mafuta yamezidi, na bisibisi ilikuwa mfukoni. Leo kompyuta hufanya kazi hiyo bila kuambiwa: inasoma joto la maji, hewa iingiayo na oksijeni ya moshi, kisha inaamua nozo zifunguke kwa milisekunde ngapi, ikitafuta kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli. Marekani ililazimisha soketi ya OBD-II kwenye magari mapya ya mwaka 1996, na sasa kifaa kidogo cha kuchomeka kinazileta tarakimu hizo kwenye simu ya mtu yeyote.

Naupenda mlango huo uliofunguka. Mwenye gari anaweza kujifunza kusoma marekebisho ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli: yakipanda sana injini inaponguruma bila kukanyagwa, kisha yakashuka ukikanyaga, tafuta kwanza mpira uliopasuka unaovuta hewa. Akishaelewa hayo, ndipo afungue jedwali la mafuta lililomo ndani ya kompyuta, mzunguko wa injini upande mmoja na mzigo upande wa pili, abadili kisanduku kimoja, aendeshe, asome, arudi. Ni kazi ya jioni nyingi. Anayejaza jedwali juu ya mpira uliopasuka amelipaka rangi tatizo.

Kinachonihuzunisha ni haraka. Siku hizi mashine ikitaja namba, namba hufutwa, taa huzimika, pesa hulipwa, na gari hurudi wiki ile ile. Sensa nzima hutupwa kwa sababu ya waya mmoja. Kompyuta iliyong'olewa kwenye gari jingine hufungwa bila mtu kulinganisha namba zake. Wengine hununua jedwali lililotengenezewa injini ya nchi ya baridi na petroli nyingine, wakalipakia hapa, kwenye joto la bondeni, kisha wakashangaa injini inapogonga. Mashine zimekuwa bora kuliko wakati wowote, lakini kuuliza "kwa nini" kumebaki kwa wazee wachache, na sijaona kijana aliyekaa karibu nao vya kutosha.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu mwenye gari: kabla hujalipia sensa mpya, dai uonyeshwe kipimo cha waya wake. Na kabla hujagusa tarakimu yoyote katika kompyuta ya gari lako, hifadhi zile za kiwandani.