Mwanamke anayeimba, mwanamke anayeroga: safari ya maneno kadhaa ya Kiingereza

Hapa kwetu mtu akijulishwa kwa mgeni anatoa mkono na kusema «enchanté». Ni adabu ya Kifaransa, hakuna anayeshtuka. Lakini tukilipasua neno hilo, ndani yake tunakuta «cantare» ya Kilatini, maana yake kuimba, na mbele yake «in»: kumwimbia mtu mpaka anaswe. Basi mwenye kusema «enchanté» anakiri kwamba amerogwa kwa wimbo! Waingereza walichota neno hilo kwa Wafaransa, katika mamia ya maneno yaliyoingia kwao baada ya Wanormandi kuiteka nchi yao mwaka 1066. Wakapata «enchantress», yaani mwanamke mrogaji, na siku hizi pia mwanamke ambaye uzuri wake unateka watu.

Kuna wasomi wanaopenda sana jambo hili. Wanasema: mnaona, zamani kuimba na kuroga vilikuwa kitu kimoja, kwa hiyo mwanamke mwimbaji alikuwa na heshima kama ya kuhani. Sisi tunakubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili tunaikataa, na maneno yenyewe ndiyo yanatupa sababu.

Hata mbele ya Wanormandi, Kiingereza cha kale kilikuwa na «galan», kuimba, na kutoka humo «galdor», wimbo wenye nguvu, wa kuponya ao wa kudhuru. Neno hilo limekufa, ila limeacha mtoto mmoja ndani ya jina la ndege, «nightingale», mwimbaji wa usiku. Katika lugha ya kale jina hilo lilikuwa la kike, na washairi wa Ulaya wamezoea kumwita ndege huyo mwanamke. Kumbe anayeimba usiku kucha ni dume! Hapo tayari tunaona namna wimbo unavyobandikwa kwa mwanamke hata pale usipokuwa wake.

Lakini «galdor» haikuwa ya wanawake peke yao, wanaume pia waliifanya. Sasa tuangalie ni nani alilipa. Mfalme Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, alianza kitabu chake cha sheria kwa amri zilizotoka katika Biblia. Pale ambapo kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamhukumu mwanamke mchawi, sheria ya Alfred inasema wasiachwe hai wanawake wenye desturi ya kuwapokea watu wa «galdor». Mwenye wimbo anaweza kuwa mwanaume. Anayehukumiwa katika mstari huo ni mwanamke aliyemfungulia mlango. Heshima ya kuhani iko wapi hapo?

Miaka zaidi ya mia sita baadaye, mwaka 1563, bunge la Uingereza lilipitisha sheria dhidi ya uchawi, na katika jina lake rasmi limo neno «inchantments». Wimbo umeingia kotini. Sheria haikuchagua mwanaume wala mwanamke, lakini walionyongwa, wengi mno walikuwa wanawake, na mara nyingi maskini na wazee. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1735 ndipo bunge likaacha kuuhesabu uchawi kuwa kosa la kuuawa. Na polepole «enchantress» na «charming» vimekuwa sifa za kumpendeza mama. («Charm» nayo inatoka kwa «carmen» ya Kilatini: wimbo, na vilevile maneno ya kuroga.) Kamba ya kunyongea imeondolewa, neno limebaki na kupakwa marashi.

Upande wa waimbaji wa kawaida, mambo ni ya kuchekesha kidogo. Mmonaki Ælfric, aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa Kiingereza karibu na mwaka 1000, anatoa «sangere» kwa mwanaume mwimbaji na «sangestre» kwa mwanamke. Kila mmoja na lake, sawasawa. Kisha mkia ule wa kike, «-ster», ukachukuliwa na wanaume, na «songster» akawa mtu yeyote. Karne ya 18 ilipoanza, Waingereza wakaona mwanamke hana jina. Wakaongeza mkia wa pili, wa Kifaransa, wakapata «songstress». Neno hilo ni la kike mara mbili, na bado ni jepesi: magazeti yao yanalitumia kwa kupamba, si kwa kuheshimu kazi. Mkia huohuo tunaujua sisi. Marehemu Abeti Masikini aliitwa «la Tigresse», na mpaka leo watu wanakumbuka makucha ya jina hilo kuliko namna alivyoitawala sauti yake.

Neno lililoumizwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni «siren». Katika Odisea ya Homer, Odysseus anafungwa kwenye mlingoti ili asikie wimbo wao asife. Wanamwahidi nini? Si mapenzi. Wanamwambia kwamba wanajua yote yaliyotokea Troya na yote yanayotokea duniani, na kwamba atakayewasikiliza atakwenda akiwa anajua zaidi. Homer hasemi hata neno moja juu ya umbo lao. Wachoraji wa Ugiriki waliwapa mwili wa ndege. Mkia wa samaki ulikuja baadaye sana, katika Ulaya ya karne za kati. Kiingereza kikachukua mkia na uzuri, kikaacha elimu. Mwaka 1819 Mfaransa Cagniard de la Tour akakipa chombo chake cha sauti jina hilo, juu ya kilikuwa kinalia hata ndani ya maji. Ndiyo «sirène» ya polisi na ya kiwanda. Na kwetu, kwa njia ya Kifaransa, «sirène» ikakutana na Mamba Muntu, yule mwanamke wa maji ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimchora sana miaka ya 1970: nywele ndefu, mkia, mali tele. Katika picha zile haimbi tena. Amenyang'anywa hata sauti.

Mtu atasema: Kiswahili chetu kimepona, kwa kuwa mwimbaji ni mwimbaji, mchawi ni mchawi, hakuna mkia wa kike. Ni kweli kwa sarufi. Lakini mtaani, wakisema «mulozi», macho yanamtafuta nani? (Tusiseme «balozi», ndugu zetu wa Tanzania watafikiri tunawatukana wanadiplomasia.) Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walituhumiwa uchawi na kuuawa na watu wa vijiji. Hakuna aliyehitaji «-ess» ili kuwachagua.

Kwa hiyo mwalimu anayetafsiri «enchantress» darasani asikimbilie «mchawi». Kwa Mwingereza wa leo neno hilo ni ua. Kwetu «mchawi» ni jiwe lililo tayari mkononi. Aandike «mwanamke mwenye wimbo wa kunasa», hata kama ni refu. Mzizi umo ndani yake, na hakuna mama wa mtu atakayepigwa juu yake.