Nyumba za Pate katika Al-Inkishafi: Jicho, Sikio na Kumbukumbu

Tangu William Hichens alipotoa toleo lake mwaka 1939, beti za nyumba katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, zimesomwa kwa njia mbili. Wako wazisomao kama mawaidha matupu, na wako wazisomao kama hesabu ya mali, wakitafuta humo ushahidi wa maisha ya matajiri wa Pate kabla ya mji kuanguka. Kila njia ina haki yake. Walakini zote mbili zimelipita swali moja, nalo ni hili: picha hizo zilifanyika vipi katika fikira za mtungaji, na zimewekwa pale kwa kazi gani?

Iko hadithi ya Kiyunani, iliyosimuliwa na Cicero katika De oratore, ambayo yafaa kupimia jambo hili. Simonides, mshairi wa Keos, alikuwa karamuni. Akaitwa nje, na nyuma yake dari ikaporomoka ikawaua walioketi. Maiti walipondeka hata jamaa zao hawakuweza kuwatambua. Simonides akawataja mmoja mmoja, maana alikumbuka kila mtu alikuwa ameketi wapi. Kwa mfano huo wasemaji wa kale walijifunza kuhifadhi hotuba zao kwa kuziweka, katika fikira, mahali mahali ndani ya nyumba.

Si lazima kudhani kwamba Sayyid Abdalla aliisikia habari hiyo. Hata hivyo njia yake inafanana nayo. Hasemi kwa jumla kwamba utajiri umekwisha. Humpeleka msomaji kwenye kidaka, kwenye ukumbi, kwenye kiwanda, na kila mahali pana kitu chake. Tofauti ni kwamba Simonides aliweka picha moja mahali pamoja, na Sayyid Abdalla huweka mbili. Kidaka kilichopangwa sahani za kaure ndicho kilalacho makinda ya ndege. Aliyekwisha kuisoma beti hiyo hawezi tena kuzikumbuka sahani pasipo kuyakumbuka makinda. Hapo mawaidha hayaongezwi juu ya picha. Yamo ndani yake.

Baada ya nyumba ndipo yanapokuja majina, na mtungaji auliza wenyewe wamekwenda wapi. Miongoni mwao yumo Ali bin Nasir, jina la baba yake. Lau majina yangetangulia, yangekuwa orodha ya nasaba tu. Yakija baada ya vyumba vitupu, kila jina lina pale lilipopaswa kuwako, na hapana mtu. Simonides kwa kumbukumbu ya mahali aliwarudishia wafu majina yao; Sayyid Abdalla anayo majina, naye kwa kumbukumbu iyo hiyo aonyesha kwamba wenyewe hawapo.

Je, picha hizi ni ushahidi? Mwaka 1981 William Brewer na James Treyens walichapisha habari za jaribio walilofanya Marekani. Watu 30 walikalishwa kwa muda mfupi katika ofisi ya chuo, kisha wakaulizwa walichokiona. Tisa walisema waliona vitabu, na vitabu havikuwamo. Walikumbuka kile ambacho ofisi ya namna ile huwa nacho. Jicho huhifadhi sehemu, na mazoea hujaza iliyobaki.

Kwa kipimo hicho sehemu mbili za utungo hazina uzito mmoja. Katika kusifu fahari, taa hugeuza usiku kuwa mchana. Hayo ni maneno ya sifa ambayo yangeweza kusemwa juu ya jumba lolote la tajiri. Katika kueleza magofu, mambo huwa madogo na mahsusi: utando wa buibui, popo walioning'inia juu, bundi akoromaye katikati ya nyumba, mende wavumao, ng'ende waliao kumbini. Tena mengi ya hayo husikika kuliko kuonekana. Nyumba yenye taa ilikuwa ya jicho. Nyumba iliyozimika imekuwa ya sikio. Badiliko hilo latoka katika hali ya mahali penyewe, kwa kuwa gizani mtu husikiliza.

Kwa hiyo mwanahistoria na aziamini beti za fahari kwa aina ya vitu, wala si kwa idadi yake wala kwa nyumba fulani. Vidaka vya namna hiyo vingalipo katika nyumba za mawe za visiwa vya Lamu. Beti za magofu zinastahili kuaminiwa zaidi. Na mhakiki asiridhike kusema kwamba utungo huu wahuzunisha. Huzuni yake ina ujenzi, nao ni huu: mahali pamoja, picha mbili, kisha jina la mtu asiyeitika.