Nani Anasema Upepo Utavuma?

Utabiri wa hali ya hewa wa Ziwa Victoria una umbo, na umbo hilo linaweza kuhakikiwa kama tunavyohakiki utenzi. Vipande vyake vinarudi kwa mpangilio uleule kila siku. Msamiati umechujwa hadi yakabaki maneno machache: upepo, mawimbi, mvua, umbali wa kuona, hatari. Hadhira yake nayo inajulikana. Ni mvuvi wa omena aliyesimama ufuoni Sori, Mbita au Muhuru Bay jua likielekea kuzama, dumu lake lina mafuta ya mkopo, anaamua kama boti ishuke majini au ilale. Wataalamu wa takwimu huupima utabiri huu kwa swali lao la haki: mvua ilinyesha au haikunyesha? Swali langu ni jingine. Nauliza maandishi haya yamepangwaje, na mpangilio huo unamfanyia nini anayesikiliza.

Nianze na wakati, maana hapo ndipo maandishi haya yalipofaulu.

Kwa miaka mingi watu wa Homa Bay na Migori walisikia utabiri uliotungwa kwa mwendo wa siku ya nchi kavu. Asubuhi jua, alasiri mawingu na ngurumo, usiku shwari. Kwa mkulima wa miwa wa Awendo mwendo huo una ukweli wake. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kuingia bara, hupanda milima, na mvua humwagika upande wa Kisii, Kericho na Nandi. Kericho hata imepata sifa duniani kwa mvua ya mawe inayochanachana majani ya chai. Lakini ziwa lina saa yake. Usiku ardhi hupoa, maji hubaki na joto lake, na pepo za bara kutoka kila upande hukimbilia majini na kukutana huko. Hewa iliyokutana haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu dhoruba kali za ziwa hukomaa usiku na kuendelea mpaka asubuhi, saa zilezile ambazo taa za kuvutia omena zinawaka. Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Nature Communications ulioonyesha kuwa ongezeko la joto duniani litazikoleza dhoruba hizi za usiku. Katika kazi yao iliyofuata walionyesha kwamba ngurumo za alasiri huko bara ni dalili nzuri ya ngurumo za usiku ziwani. Wazee wa ufuoni waliokuwa wakikodolea macho mawingu ya milimani kabla ya kushusha boti hawakuwa wakipoteza muda.

Rudi sasa kwenye ule utabiri wa kale. Usiku uliwekwa mwisho wa sentensi, mahali ambapo msikilizaji ameshaanza kufikiria mambo mengine, na ulipewa neno moja tu. Kwa Awendo neno hilo halikudhuru kitu. Kwa kisiwa cha Remba lilikuwa hatari, kwa kuwa lilifuta saa zenye kuua. Takwimu inayonukuliwa mara kwa mara, na inayohusishwa na Msalaba Mwekundu, ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa Ziwa Victoria kila mwaka. Namba yenye mwanya mpana kiasi hicho inanieleza jambo moja zaidi: wanaozama wengi hawahesabiwi.

Mabadiliko yalikuja na mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa fedha za Uingereza, ukizishirikisha idara za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Utabiri wa ziwa ukaanza kutolewa mara mbili kwa siku, saa 24 zikakatwa vipande vinne, na usiku ukapata kipande chake wenyewe, pamoja na upepo wake, mawimbi yake na onyo lake. Mengi yamesemwa kuhusu rada na kompyuta za mradi ule. Mimi naona uvumbuzi mkubwa ulikuwa mkato huu. Mtunzi aliuhamisha usiku kutoka pembezoni hadi katikati ya ubeti, na papo hapo maandishi yakaanza kufuata siku ya mvuvi. Hayaifuati yote. Mwezi, ambao ndio kalenda ya omena kwa sababu taa huvuta samaki vizuri gizani, haupewi mstari. Msomaji wa ufuoni huuongeza mwenyewe kichwani.

Umbo la namna hii lina ukoo. Oktoba 1859 meli ya Royal Charter ilivunjikia pwani ya Wales katika dhoruba, mamia wakafa. Robert FitzRoy, nahodha aliyegeuka mtu wa hali ya hewa, akaanzisha mwaka 1861 maonyo ya dhoruba yaliyotundikwa bandarini kwa alama kubwa zinazoonekana kutoka majini. Agosti mwaka huohuo utabiri wake ukaanza kuchapishwa katika gazeti la The Times. Mrithi wake leo ni utabiri wa mabaharia unaosomwa kwenye redio ya BBC, maandishi yaliyofungwa ndani ya maneno yasiyozidi takriban 350, maeneo ya bahari yakitajwa kwa utaratibu usiobadilika, na kila eneo likipewa upepo kwanza. Waingereza wengi wasiomiliki hata mtumbwi huusikiliza kwa raha kabla ya kulala. Sababu ya raha hiyo ni umbo: jina la mahali linatangulia, habari inafuata, na aliye mahali pengine anajua ni lini asitege sikio na lini alitege.

Hapo utabiri wetu unaanza kulegea. Ziwa hili lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu, lakini ndani ya hiyo asilimia 6 mna maji ya tabia mbalimbali. Ghuba ya Winam imezungukwa na nchi kavu pande nyingi. Ukivuka mlango wa Mbita, kati ya bara na Rusinga, unaingia maji mengine kabisa. Mfangano na Takawiri zina vivuli vyao vya upepo. Karungu na Muhuru, upande wa Migori, zinatazama ziwa wazi lisilo na kisiwa kikubwa cha kuvunja wimbi. Mvuvi hawezi kusikia kwamba mawimbi ya ziwa yatakuwa makubwa kiasi akajua kama ni yake. Jina la kanda kwenye ramani ya ofisini halimtoshi. Anahitaji jina la rasi, la mwamba, la kisiwa, majina ambayo yeye mwenyewe huyatumia kulisoma ziwa.

Kulegea zaidi kupo kwenye nafsi. Soma taarifa yoyote ya hali ya hewa kwa Kiswahili, iwe ya Nairobi au ya Dar es Salaam, uangalie vitenzi. Upepo unatarajiwa. Mvua inatarajiwa kunyesha. Mawimbi yanaweza kufikia urefu fulani. Nani anatarajia? Hayupo. Nani anaambiwa? Naye hayupo mpaka mstari wa mwisho, ambapo wananchi kwa jumla wanashauriwa kuchukua tahadhari. Kauli ya kutendwa ina heshima yake hapa. Mtabiri hajui kwa hakika, na kujificha nyuma ya kitenzi ni namna ya kukiri hivyo bila kusema. Ila msikilizaji haoni unyenyekevu huo. Anachosikia ni ofisi, na ofisi haimjui.

Mamlaka ya Tanzania imepiga hatua moja ya umbo ambayo naihusudu. Onyo lake lina ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Chini ya ngazi hutajwa mambo mawili kwa kutenganishwa: uwezekano wa jambo kutokea, na ukubwa wa athari likitokea. Utengano huo una akili nyingi. Dhoruba isiyo na hakika lakini yenye kuua inapata sauti yake, haifichwi nyuma ya asilimia ndogo. Rangi za kijani, manjano na nyekundu katika utabiri wa ziwa hufanya kazi inayofanana, ila rangi hubeba hukumu moja tu. Msomaji hajui kama manjano ni ya mashaka ya mtabiri au ya udogo wa hatari. Na redioni rangi haisikiki. Inabidi mtangazaji aitafsiri kwa Dholuo kwa maneno yake mwenyewe, na kila mtangazaji ana manjano yake.

Ili kuona kinachokosekana, nenda Kendu Bay usikilize masimulizi ya Simbi Nyaima, lile ziwa la volkeno lenye maji ya magadi na heroe. Matoleo ni mengi. Katika lile linalosikika sana, bibi kizee anafika kijijini usiku wa sherehe, anafukuzwa, mwanamke mmoja tu anampokea. Bibi anamwambia aondoke na watu wake. Mvua inashuka, kijiji kinazama. Wengi huisoma hadithi hii kwa ajili ya adabu ya ukarimu, na sina ugomvi nao. Lakini isome kama onyo la hali ya hewa. Onyo lenyewe lina msemaji mwenye mwili, mzee, aliyefukuzwa. Linasemwa kwa nafsi ya pili umoja, wewe, na kwa kitenzi cha kuamuru, ondoka. Halitaji mvua itakuwa milimita ngapi. Aliyeambiwa anaamini kwa sababu ameshamtazama msemaji machoni na kumpa mahali pa kukaa. Utabiri wa kisasa una kila kitu ambacho bibi yule hakuwa nacho, na umekosa vile alivyokuwa navyo.

Ufuo hujaza pengo hilo wenyewe. Karibu kila ufuo una watu wake wa anga: mzee anayesoma mawingu ya Gwasi, na siku hizi kijana mwenye programu ya Windy kwenye simu na picha za setilaiti ya Meteosat. Si wafanyakazi wa idara yoyote. Wanapenda tu, kama wengine wanavyopenda kandanda, na watakueleza dhoruba ya miaka iliyopita kwa undani uleule wa shabiki anayesimulia fainali. Viongozi wa BMU, wale wanaosimamia fuo, hupokea taarifa ya idara, na mikononi mwa hao watu wa anga inabadilika umbo. Inakuwa sauti fupi ya WhatsApp: msemaji anajulikana kwa jina, mahali pake panatajwa, kitenzi ni cha kuamuru. Msishuke. Wale wa Remba, rudini. Kwa mhakiki hii ni tafsiri iliyofanikiwa, kwani imerudisha nafsi mbili zilizotolewa ofisini.

Imepoteza kitu pia, na hili mashabiki wa anga hawapendi kuambiwa. Taarifa ya idara ina tarehe na saa za mwanzo na mwisho wa kutumika. Sauti ya WhatsApp haina. Ikisambazwa mara tatu, msishuke ya jana inafika Sindo kama ya leo, na picha ya wingu jeusi la mwaka jana inapita kwenye simu kama la jioni hii. Mvuvi akikaa nyumbani usiku mmoja wa shwari kwa ajili ya sauti ya zamani, deni la mafuta linabaki palepale, na sauti inayofuata ataipuuza hata ikiwa ya kweli. Dawa ni ndogo na ni ya umbo: msemaji aanze kwa kusema yuko wapi na ni saa ngapi, kabla hajasema upepo.

Mpangilio wa sentensi moja unaweza kugharimu zaidi ya usiku mmoja. Mwaka 2023, kabla ya mvua za vuli, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa ujumbe wenye miguu miwili: mvua itazidi wastani, lakini haitafikia ile ya El Niño ya 1997. Oktoba, Rais William Ruto akatangaza kwamba El Niño haitakuja. Mguu wa pili ulikuwa umetembea peke yake. Mafuriko ya miezi iliyofuata yaliua watu zaidi ya 100 nchini. Watu wa Nyatike, ambao mto Kuja huwavamia mara kwa mara, hawana haja ya kuambiwa tofauti ya mvua kubwa na El Niño. Maji ndani ya nyumba hayana jina. Kosa la mwanasiasa lipo, lakini mwandishi wa taarifa naye angeweza kulikinga. Kifungu cha kutuliza kikiwekwa mwisho, ndicho kinachokumbukwa na kunukuliwa. Kingetangulia, na hatari ikafunga sentensi, mkato uleule ungebakiza hatari.

Na kuna ubeti ambao utanzu huu haujawahi kuwa nao: ubeti wa jana. Utabiri wa leo asubuhi hausemi uliotangulia ulipatia wapi na ukakosea wapi. Kila toleo linaanza upya, kana kwamba hakuna aliyelisikiliza lile la usiku na kulowa. Ufuoni ubeti huo upo, hutungwa kila alfajiri boti zikirudi na omena zikianikwa kwenye nyavu: kipande cha usiku walipatia, upepo wa alfajiri waliuwahisha, Karungu hapakuwa na kitu. Mtu mmoja wa BMU akiandika mistari mitatu ya namna hiyo na kuipeleka ofisi ya hali ya hewa ya kaunti, na ofisi ikaiweka juu ya utabiri unaofuata, msikilizaji atajua kwa mara ya kwanza kwamba anayetarajia, huko kwenye kitenzi kile kisicho na mwenyewe, alikuwa akimsikiliza.