Sunburst na Santuri Iliyotolewa Upya

Santuri ya "Ave Africa", ambayo bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam iliirekodi nchini Zambia mwaka 1976, ilitolewa upya Ulaya mwaka 2016 na kampuni ya Strut, ikiongezewa nyimbo za tangu 1973. Wako wauitao muziki huo wa kuiga. Hoja hiyo ni kongwe: mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa jina la utamaduni wa taifa.

Lakini mwalimu na awape wanafunzi wake jina la wimbo mmoja tu, "Simba Anguruma". Kwa nini si "ananguruma"? Huo ni wakati wa -a-, ambao sisi washairi twaupenda kwa kuwa huokoa mizani. Mwigaji hachagui neno hivyo. Gitaa la umeme ni la kukopa, naam. Hata tarumbeta za dansi zilikopwa, wala hakuna azionaye ngeni.

"Black Is Beautiful" ndiyo inipayo shida: dai la haki, ila kwa lugha ambayo wengi wa wazee wangu wa Iramba hawakuijua. Nayo santuri yauzwa kwa fedha za kigeni, na huku Singida sijaona shule yenye chombo cha kuipigia.