Mkono Unaomzoesha Mtoto Mgagani

Mgagani ni mboga chungu, na hakuna mtu mzima wa Tarime au Serengeti atakayekuficha hilo. Huota wenyewe mvua zikianza, hasa palipowahi kuwa na zizi, maana hupenda samadi. Wapishi huuchemsha na kuutia maziwa, na wengine huuacha chunguni hadi kesho yake ili ukali upungue. Aliyekulia nao atautafuta hata akihamia Dar es Salaam. Lakini hakuna mtoto anayezaliwa akiupenda. Ulimi wa mtoto mchanga hukubali utamu na hukataa uchungu, awe wa Serengeti au wa Ulaya; ndiyo kinga ya kiumbe ambaye bado hajui jani lipi chakula na lipi sumu. Mpaka mtoto huyo afike mahali pa kuomba mgagani kwa kidole, kuna mtu aliyefanya kazi. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa sababu sijaona ikisifiwa.

Mara nyingi mtu huyo ni bibi. Nilimtazama mmoja katika vijiji vya milimani Tarime, mjukuu wake akiwa ametimiza miezi saba. Alianzia shambani. Alichuma ncha laini tu, kutoka mimea ambayo haijachanua, kwani ukishatoa maua uchungu huzidi. Mboga ya wakubwa ilikuwa tayari chunguni tangu jana, lakini hiyo hakuigusa. Mtoto hapewi kiporo, akasema, tumbo lake bado jipya. Akanawa kwenye kibuyu chirizi, akachemsha konzi moja ya majani katika sufuria ndogo kwa maji machache ambayo hakuyamwaga, akatia maziwa yaliyochemshwa na unga wa dagaa alioutwanga na kuuchekecha. Chumvi hakutia. Kisha akaanza kuponda kwa mgongo wa mwiko, akiyakandamiza majani kwenye ukingo wa sufuria, akichomoa kila uzi aliouona, mpaka ikawa rojo. Akachota kijiko akakiinamisha. Rojo ikatelemka. Akaongeza kipande cha ndizi ya kupika, akaponda tena, akainamisha tena. Safari hii ilikaa. Ushauri wa wataalamu wa lishe ni huohuo: chakula cha mtoto kikae kwenye kijiko, kwa sababu tumbo lake ni dogo na likijaa maji halina nafasi ya chakula.

Halafu ikaja sehemu ngumu. Alimpakata mtoto wakitazamana, akala yeye kwanza, taratibu, midomo ikionekana. "Mume wangu, wewe huli?" Akagusisha kijiko kwenye mdomo wa chini, akangoja. Hakusukuma. Mtoto akafungua, akapokea, akakunja uso wote, ulimi ukaitoa nusu ya mboga hadi kidevuni.

"Mama, hataki," akasema mkwewe.

"Hajakataa, mwanangu. Anaonja."

Akaikusanya ile ya kidevuni kwa kijiko, akangoja uso ukunjuke, akampa tena. Vijiko vitatu, vinne. Mtoto alipogeuza kichwa pembeni, bibi aliweka mboga chini bila neno na kumpa ndizi tupu aliyoizoea. Hapakuwa na kilio. Ufundi wote umo katika kutofautisha uso uliokunjwa na kichwa kilichogeuzwa: uso ni mshangao wa ladha ngeni, kichwa ni jibu. Mlishaji mwenye haraka huchanganya viwili hivyo. Ama huacha mboga siku ileile akisema mtoto wangu hapendi majani, ama humbana pua na kumnywesha kwa nguvu, jambo ambalo ni hatari, kwa kuwa mtoto anaweza kupaliwa, na tena humfundisha kuogopa kijiko chenyewe.

Sayansi imefika alipo bibi kwa njia ndefu. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto wa miezi saba huko Ulaya ambao mama zao waliambiwa wachague mboga ambayo mtoto ameikataa kabisa, kisha waendelee kumpa, wakiipokezanisha siku kwa siku na ile anayoipenda. Ilipofika mara ya nane, zaidi ya asilimia 70 ya watoto waliila sawasawa na ile waipendayo. Wazazi wengi hukata tamaa wakiwa wamejaribu mara chache tu.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni zuri zaidi. Mwaka 2001, Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba mama akinywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya ujauzito au anaponyonyesha, mtoto wake atakapofika kwenye chakula huipokea ladha ya karoti kwa uso mkunjufu zaidi. Ladha hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa ya mama. Sasa fikiria desturi ya Wakisii, majirani na ndugu wa karibu wa Wakurya wetu wa Tarime, huko Kenya ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ya kumpikia mzazi mboga hii ili apate nguvu na maziwa. Mwanamke anayekula mgagani akiwa mzazi ameshaanza kumlisha mwanawe miezi mingi kabla ya kijiko cha kwanza. Kwa hiyo sahani ya mama ndiyo somo la mwanzo, na nyumba inayomnyima mboga mjamzito imejiongezea kazi ya baadaye.

Kwa nini kuhangaika namna hii wakati uji wa ulezi mtoto anaunywa bila ugomvi? Kwa sababu akifikisha miezi sita akiba ya madini chuma aliyozaliwa nayo inaelekea kwisha, na maziwa ya mama, ambayo anapaswa kuendelea nayo hadi miaka miwili au zaidi, hayatoshi peke yake. Uji mtupu haulizibi pengo hilo. Majani yana madini chuma, ingawa mwili huyachukua kwa uchache, na ndiyo maana unga wa dagaa wa Ziwa Victoria unaingia sufuriani. Karanga zilizosagwa laini nazo husaidia, maana vitamini A ya kwenye majani huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 34 ya mwaka 2015/16. Tumesogea, ila kwa mwendo mdogo.

Vijijini kwetu ipo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mama hupimiwa mtoto, huoneshwa makundi ya chakula kwenye bango, huambiwa mboga za majani ni muhimu, hurudi nyumbani. Kuambiwa hivyo ni sawa, lakini hakumwonyeshi jinsi ya kungoja uso ukunjuke. Nawaomba wauguzi na wahudumu wa afya wa Tarime na Serengeti: siku hiyo ikifika tena, mwiteni bibi mmoja anayejulikana kijijini kwa kulisha, mpeni sufuria, majani na mtoto, na kina mama wachanga wakae karibu wamtazame mkono.