Harpignies na Rangi za Maji

Henri-Joseph Harpignies alizaliwa Valenciennes, kaskazini mwa Ufaransa, mwaka 1819, akafa Saint-Privé mwaka 1916, umri wake ukiwa miaka 97. Jamaa zake walimtaka awe mfanyabiashara, naye alikwisha kuingia utu uzima alipoanza, mwaka 1846, kujifunza kwa Jean Achard. Kuchelewa huko hakukumdhuru. Achard alimkaza katika uchoraji wa mistari kabla ya rangi, na tangu hapo kila mti wake ulisimamishwa kwa kalamu kabla ya kuvikwa majani.

Italia, aliyoiendea mwaka 1850, ilimpa mwanga; urafiki wa Corot ulimpa utulivu. Mwaka 1866 picha yake ya jioni katika mashamba ya Roma ilimpatia nishani, na sifa haikumtoka tena.

Anatole France alimwita Michelangelo wa miti. Ni sifa kubwa, lakini imewapoteza watazamaji, kwa sababu imewaelekeza kwenye mialoni mikubwa ya rangi za mafuta, ambamo shina huwa gumu kama chuma na kijani huelemea weusi. Harpignies aliye bora yumo katika karatasi ndogo. Jina lenyewe, rangi za maji, humfanya msikiaji adhani kazi ni nyepesi. Kumbe haina msamaha. Mafuta hufunika kosa kwa tabaka jingine, bali hapa weupe wa karatasi ndio mwanga wenyewe, na ukifunikwa umekwenda. Mchoraji hana budi kujua atakachoacha kabla hajachovya brashi. Hapo ndipo mafunzo ya Achard yalipolipa.

Walaumu wake husema kwamba hakubadilika, ingawa Monet na wenziwe walifanya maonyesho yao ya kwanza Paris mwaka 1874. Kwa picha za mafuta lawama hiyo ni ya haki. Hata katika maji, yafaa kukiri, Jongkind humpita kwa upepo: majani ya Harpignies mara nyingine husimama kama askari wanaongoja amri.

Uzeeni macho yalififia. Akafanya michoro mingi kwa wino mweusi uliozimuliwa kwa maji, na humo majani mojamoja yametoweka: umebaki mti, mto, na karatasi tupu iliyo mbingu.