Wanaonakili Miamba ya Kolo

Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey aliweka kando kazi ya kuchimba akaenda Kondoa, katikati ya Tanzania, kunakili michoro ya miambani. Yeye na mumewe Louis walikaa huko karibu miezi mitatu, wakipanda na kushuka ukingo wa Bonde la Ufa, na walipomaliza walikuwa wameorodhesha maeneo 186 yenye michoro na kunakili maumbo yapatayo 1,600. Namna ya kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Karatasi ya selofani inayopitisha mwanga hutandazwa juu ya mchoro, kisha mkono hufuata kila mstari, penye rangi na penye dalili tu ya rangi, mpaka shingo ya twiga ihamie kwenye karatasi kwa ukubwa uleule. Baadaye nakala hupunguzwa kwa vipimo na kupakwa rangi upya. Kitabu chenye nakala hizo kilitoka mwaka 1983, zaidi ya miaka thelathini baada ya selofani ya kwanza kutandazwa.

Mkono wake uliandaliwa mapema. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na alimpeleka bintiye akiwa bado mdogo kwenye mapango ya Ufaransa yenye michoro ya kale. Hata Louis alimtafuta kwanza kwa ajili ya kuchora, kwani alihitaji mtu wa kumchorea zana za mawe za kitabu chake. Nayataja haya kwa kuwa tunapowasifu akina Leakey tunasifu mafuvu ya Olduvai, na Kondoa hutajwa harakaharaka ikapitwa. Kwangu mimi, katika yote aliyoyafanya mama yule, hakuna kazi iliyomfikisha karibu zaidi na watu wa kale kuliko hii.

Anayenakili hana pa kukimbilia, lazima aamue. Kamera huchukua vyote kwa mpigo, ukungu wa mwamba, kivuli, ufa, madoa ya mkojo wa pimbi, bila kuuliza kipi ni kipi. Mkono hukutana na swali kila baada ya upana wa kidole. Wekundu huu ulipakwa na mtu, au ni chuma kilichomo ndani ya jiwe kinachotoa kutu? Mstari huu unapita chini ya ule, au unaishia pale? Rangi ilipobanduka, mkono unapaswa kusimama, na hapo ndipo penye mtihani, maana jicho limekwisha kuuona mguu wa nne wa tembo ambao haupo. Mnakili mwaminifu humwacha tembo na miguu yake mitatu. Naiheshimu sana nidhamu hiyo. Kujaza pengo ni tamaa ya kila mtu anayependa kitu kizuri, na kuishinda tamaa hiyo mbele ya mwamba, juani, siku baada ya siku, kunataka moyo mkubwa.

Subira hiyo ndiyo iliyotupa mpangilio wa nyakati. Kondoa watu walichora juu ya michoro ya wenzao, tena na tena. Chini iko ile myekundu, yenye mistari miembamba: pofu, twiga, tembo, na watu warefu waliokonda, wenye nywele au mapambo makubwa ya kichwa. Juu yake iko nyeupe, nene, iliyopakwa kwa kidole, yenye maumbo mazito na alama zisizofanana na mnyama yeyote. Ile ya chini huhusishwa na wawindaji waliotangulia, ya juu na wakulima wazungumzao lugha za Kibantu waliokuja baadaye. Miaka kamili ni shida, kwa sababu udongo mwekundu wa chuma hauna kaboni ya kupimwa. Ndiyo maana wengine waligeukia ardhi iliyo chini ya miamba. Fidelis Masao, mwanaakiolojia Mtanzania, alichimba huko na kuchapisha kitabu chake mwaka 1979. Na matabaka ya Kisese, hukohuko Kondoa, yaliyochimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, yalipopimwa upya yalionyesha kwamba watu walikaa pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, wakitengeneza shanga za maganda ya mayai ya mbuni.

Lakini nakala iliyo safi kabisa inaweza kusomwa vibaya. Huko Kolo, Kondoa, kuna mchoro ambao kila mgeni huonyeshwa: mtu mmoja katikati, ambaye wengi humwona ni mwanamke, ameshikwa mikono na watu walio pande zake mbili. Mary Leakey aliona tukio la utekaji, upande mmoja ukimvuta na mwingine ukimzuia. Wapo wanaosoma mistari ileile wakaona ngoma, na aliye katikati ni mtu aliyepandisha, anayeshikiliwa na wenzake asianguke. Hakuna mstari uliobadilika. Kilichobadilika ni kwamba wa pili walikuwa wamewasikiliza Wasandawe.

Wasandawe wako jirani tu, upande wa magharibi, na lugha yao yenye vidoko haifanani na za majirani zao. Mtafiti Eric ten Raa aliishi nao, na mwaka 1971 akaandika kwamba kwao uchoraji wa miambani haukuwa habari ya watu waliokwisha kutoweka. Walikuwa bado wanaukumbuka na kuueleza. Wana ngoma ya simbo, ambamo mchezaji hupandisha na kuwa simba ili kupambana na wachawi. Mtafiti Imogene Lim naye alikwenda Usandawe akauliza kuhusu mahali kabla ya kuuliza kuhusu picha: kilima hiki ni cha ukoo gani, nani huja hapa, kwa shida ipi. Huo nao ni unakili, japo hautumii karatasi. Baadaye, katika Pori la Akiba la Swaga Swaga, mtafiti Maciej Grzelczyk alikuta mchoro wa watu watatu wenye vichwa vinavyokaribia kufanana na vya nyati, akauchapisha mwaka 2021. Siku hizi programu ya DStretch ya Jon Harman hutenganisha rangi kwenye picha ya kamera mpaka wekundu uliofifia uonekane, na mwamba hauguswi. Hilo ni jema. Hata hivyo bado lazima mtu akae mbele ya kioo cha kompyuta afuatishe mstari mmoja mmoja, na swali la mguu wa nne wa tembo liko palepale.

Jambo linalonigusa zaidi liko kwenye mwamba wa Mongomi wa Kolo wenyewe. Warangi, wenyeji wa leo, hawasemi kwamba babu zao ndio waliochora michoro ile myekundu, na bado wameupokea mwamba ule. Huenda pale kuomba mvua, kutafuta uponyaji, kuchinja, na pombe ya kienyeji hunyunyizwa mwambani. Mhifadhi anaona doa juu ya urithi. Mzee anaona ombi lililofikishwa. Emmanuel Bwasiri, aliyeichunguza hali hii kwa kina, ameonyesha kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, hata baada ya marekebisho ya 1979, inalinda vitu na mahali, na kuhusu tambiko lililo hai haisemi neno. Kumbe mwaka 2006 UNESCO iliiweka Kondoa kwenye orodha ya urithi wa dunia kwa sifa mbili, na mojawapo ni matambiko hayohayo.

Zamani serikali ya kikoloni ilizungushia baadhi ya michoro vizimba vya mbao na waya. Wenyeji waliviondoa vingi, kwani mbao na waya vina kazi nyumbani. Wengine wamechimba chini ya miamba wakitafuta hazina wanayoamini Wajerumani waliifukia, na mashimo hayo yamevuruga matabaka ambayo Masao na Inskeep wangeyahitaji. Uharibifu huo unaniuma. Lakini siuweki kapu moja na pombe ya mvua. Aliyenyunyiza pombe alikuja kwa sababu mahali pale pana maana kwake, sawasawa na mkulima aliyepaka nyeupe juu ya pofu mwekundu, na yule wa zamani leo tunamwita msanii.

Maana hiyo inaendelea kugeuka. Kondoa ya leo ina misikiti mingi na makanisa, na wapo wanaoyaona matambiko kuwa ushirikina. Wapo vijana wanaoongoza wageni kwa malipo. Na kwetu tulioketi madarasani, Kondoa Irangi lilikuwa jina la kukariri kwa ajili ya mtihani wa historia.

Kwa hiyo ningependa anayenakili Kolo sasa, hasa kijana wa Kitanzania anayeweza kuwasalimu wazee kwa Kirangi, achore pia mpaka wa doa la pombe. Doa hilo alipe alama yake kwenye nakala, tofauti na ya rangi nyekundu na ya nyeupe, aandike lilikuja kwa ombi gani na msimu upi, kama wenyewe wakikubali kusema. Wasipokubali, apaache wazi, kama anavyoacha wazi pale rangi ilipobanduka.